Pilipili za mstari wa tano: kisa cha chupa iliyowasha nusu

Malalamiko yalikuja kwa simu, saa tatu asubuhi, dada yangu akiwa anapanga chupa kwenye boksi. Aliyepiga alikuwa ni mwenye mgahawa mmoja pale Tanga mjini, kijana wa chipsi na shawarma, aliyechukua chupa 30 za pilipili za siki wiki iliyotangulia. Alianza kwa adabu. "Shikamoo mama. Mama, hizi pilipili zako..." Kisha akamwaga. Mteja alikula pilipili moja nzima ya njano, akaisifia, akampa mwanawe mdogo nyingine kutoka chupa ile ile. Mtoto alilia mpaka akatapika.

Dada hakubishana. Alikata simu, akafungua chupa ya akiba, akatafuna moja. "Haina kitu." Akatafuna ya pili. "Nayo haina kitu." Ya tatu alinyamaza kidogo, akameza. "Hii ina utani kidogo."

Msomaji ajue jambo moja kuhusu dada yangu: amekula pilipili mbuzi tangu alipoota meno. Utani wake ni moto wa mtu mwingine. Nikachukua nusu ya pili ya ile ya tatu, nikatoka nje kutafuta maji, na maji hayakunisaidia.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu tulipoanza kutafuta chanzo, kila mtu alikuwa na jibu tayari, na kila jibu lilielekeza kidole mahali pale pale shambani.

Nianze na tulichokuwa tunakitafuta. Yule kijana wa mgahawa alikuwa amezoea kununua chupa zinazotoka nje: pilipili ndefu, za njano iliyoelekea kijani, ngozi nyembamba, chachu, zinazoliwa nzima pembeni ya nyama. Kwa Wamarekani zinaitwa pepperoncini. Waitaliano wana ndugu yake wanayemwita friggitello. Bei ya chupa hizo ilipanda, akamwuliza dada kama anaweza kutengeneza. Dada ni mtu wa achari: embe, ndimu, karoti. Pilipili nzima isiyowasha hakuwahi kuitengeneza, kwa sababu nani huku kwetu aliwahi kuiomba?

Jaribio lake la kwanza la mbegu lilikuwa la kijanja. Alinunua chupa moja ya nje, akatoa mbegu, akaziosha, akazianika juu ya gazeti, akapanda 40 kwenye kopo. Haikuota hata moja, na isingeota. Pilipili ya chupa imekaa kwenye siki na chumvi, na nyingi zimepitishwa kwenye moto ili zisiharibike. Kiini cha mbegu kimekufa siku nyingi, ingawa kwa macho mbegu ni nzima na ya kuvutia.

Hapo akaniuliza mimi, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya ugani. Kwenye maduka ya pembejeo kulijaa hoho za mviringo, California Wonder karibu kila rafu, na pilipili ndefu nyekundu za kali. Za njano ndefu zisizowasha nilizipata duka la tatu, pakiti moja, picha nzuri, na maneno yanayosema ni tamu. Jamii hii Wamarekani wanaiita pilipili ya ndizi, kwa umbo na rangi yake. Tarehe ilikuwa ya karibuni, namba ya fungu ipo. Nikampa mpwa wangu, mwanawe dada, ambaye ndiye mwenye shamba kule Muheza. Nikaondoka nikijua kazi yangu imeisha. Hilo ni kosa langu katika kisa hiki na sitaki lipotee katikati ya makosa ya wengine.

Mpwa alisia mwishoni mwa Septemba, akahamisha miche mwanzoni mwa Novemba mvua za vuli zilipoanza. Mistari mitano, mashimo 12 kila mstari, mimea 60. Tangi la maji liko upande wa mstari wa kwanza. Mstari wa tano uko kwenye uzio, na kwenye uzio huo kuna mipilipili mbuzi 6 ya miaka mingi, mikubwa kama vichaka. Vuli ilikatika mapema, kaskazi ikaingia, na tangu Januari alimwagilia kwa ndoo. Ndoo, kama ndoo zote, zilichoka kabla ya kufika mstari wa tano.

Ukishaipata ramani hiyo kichwani, utaelewa kwa nini tulipofika shambani kila mtu alikuwa sahihi kwa macho. Tulionja harakaharaka, na kweli, pilipili za mstari wa tano zilikuwa zinawasha. Jirani wa shamba akasema ni nyuki: wametoa mbuzi kwenye uzio wakaileta kwenye zile tamu. Mpwa akasema ni ukame: pilipili ikikosa maji hukasirika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuilaumu pakiti. Na mstari wa tano ulikuwa karibu na mbuzi, ulikuwa mkavu, na ulikuwa wa mwisho kupandwa. Ungeweza kuchukua jibu lolote ukaenda nalo nyumbani.

Tukakubaliana kuonja mmea kwa mmea, yote 60.

Kuonja pilipili ni kazi ambayo watu wameiumiza kichwa muda mrefu. Kipimo kinachotajwa kila mahali ni cha Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, aliyekitoa mwaka 1912 akiwa kwenye kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit. Aliloweka pilipili kwenye spiriti ili kutoa ukali wake, akauchanganya na maji ya sukari, akaendelea kuuzimua mpaka jopo la waonjaji watano, walau watatu kati yao, waseme hawausikii tena. Namba ni ukubwa wa uzimuaji huo, yaani mchanganyiko umekuwa mara ngapi ya ule wa mwanzo. Pepperoncini hutajwa kati ya 100 na 500, jalapeño ya Meksiko kati ya 2,500 na 8,000, na habanero, ambayo ni jamii moja na pilipili mbuzi yetu, kati ya 100,000 na 350,000. Hoho ya kachumbari ni sifuri. Siku hizi maabara hazitegemei ulimi. Mashine inapima kapsaisini yenyewe, ile kemikali inayowasha, kisha hesabu inarudishwa kwenye namba za Scoville, kwa heshima ya mzee. Ila namba hizo ni za pilipili iliyokaushwa. Pilipili mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mdomo wako haukutani na namba ile unayoisoma.

Sisi hatukuwa na mashine, na spiriti nyumbani kwa dada haiingii. Tulikuwa na kisu, mtindi na mkate.

Kila mmea tuliufunga kitambaa chenye namba. Tukachuma pilipili mbili kwa kila mmea, za urefu mmoja, zilizokomaa lakini hazijaanza kugeuka nyekundu, kwa sababu umri nao unabadilisha ukali: huongezeka kadiri tunda linavyokua, na kwenye tunda lililozeeka huweza kupungua. Tukakata kipande chembamba kama sarafu, sehemu ya bega karibu na kikonyo, tukihakikisha kimebeba utando mweupe wa ndani. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaonja ncha, ncha haina utando, wanasema pilipili haiwashi. Au wanaonja mbegu, wakiamini ukali uko kwenye mbegu. Mbegu yenyewe haitengenezi ukali. Utando unaoishikilia ndio jiko, na mbegu inapakwa tu kwa kukaa jirani.

Waonjaji tulikuwa watatu: dada, mpwa, na mke wangu ambaye hata supu hatii pilipili. Mimi niliandika. Mimea 10 kwa siku, siku sita, kwa kuwa ulimi uliowashwa haraka hupoteza akili. Kati ya pilipili na pilipili, kijiko cha mtindi na kipande cha mkate. Maziwa yana protini inayobeba kapsaisini na kuiondoa, maji yanaisambaza tu. Kisu kiliwekwa kwenye mafuta, kikapanguswa, kikaoshwa na sabuni kila mara. Siku ya kwanza tulikuwa tunatoa alama, 0 mpaka 5, na karibu tugombane. Mmea namba 53 dada aliupa 0, mke wangu aliupa 4 na machozi. Siku ya pili tukaacha alama. Nikamwekea kila mwonjaji pilipili mbili kwa mpigo na swali moja tu: ipi inawasha kuliko mwenzake? Hapo wote watatu wakaanza kukubaliana. Dada hawezi kukuambia pilipili ina ukali kiasi gani, lakini anaweza kukuambia ipi ina zaidi, na hilo ndilo tulilolihitaji.

Baada ya siku sita picha ikatoka, na haikuwa picha ya mstari wa tano.

Mimea 48 haikuwa na ukali wowote. Mimea 12 iliwasha. Kati ya hiyo 12, kumi ilikuwa mstari wa tano, kama ilivyotarajiwa. Miwili ilikuwa mstari wa pili na wa tatu, karibu na tangi, mbali kabisa na uzio, yenye majani mabichi yaliyoshiba maji. Na mstari wa tano wenyewe, katikati ya zile kumi, ulikuwa na mimea miwili isiyowasha hata chembe, ikiwa imesimama kwenye udongo mkavu, tawi moja likigusa pilipili mbuzi.

Mimea hiyo minne ndiyo iliyovunja hoja zote za siku ya kwanza.

Chukua nyuki. Utando mweupe ni sehemu ya mwili wa mmea mama. Chavua inayoletwa na nyuki inaingia kwenye mbegu, yaani kwa mtoto, haigusi utando. Mwanamke akibeba mimba ya mtoto atakayefanana na baba, tumbo lake halibadiliki rangi. Kwa hiyo mbuzi iliyo kwenye uzio haiwezi kuifanya pilipili tamu iwashe msimu huu. Inaweza kuharibu mbegu utakazotunza kwa ajili ya mwaka unaofuata, na hilo ni kubwa, nitalirudia. Mimea miwili tamu iliyolala kwenye mbuzi ilituambia hivyo bila kitabu.

Chukua ukame. Ni kweli kiu na joto huongeza ukali, lakini huuongeza kwa mmea ambao tayari una jiko. Kuna jeni inayoitwa Pun1. Mmea uliorithi nakala yake iliyovunjika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama hautengenezi kapsaisini. Uunyime maji, uuchome jua, utakufa ukiwa mtamu. Nakala moja nzima ikiwepo, jiko linawaka, na hapo ndipo maji, joto na umri vinapoamua moto uwe mkubwa kiasi gani.

Tulitaka kuona ukame umefanya nini kwa ile kumi, kwa hiyo tukajaribu Scoville wa kienyeji. Badala ya spiriti tulitumia tui zito, kwa kuwa ukali unayeyuka kwenye mafuta na haupendi maji. Tulisaga kiasi sawa cha pilipili mbili, moja ya mwanzo wa mstari ambako ndoo ilifika mara mojamoja, nyingine ya mwisho kabisa ambako haikufika. Tukazipasha kwenye tui, tukachuja, kisha kila hatua tukachanganya kipimo kimoja cha tui hilo na kipimo kimoja cha maji ya sukari, yaani nusu kwa nusu. Ile ya kwanza mke wangu aliacha kuisikia hatua ya tano. Ya pili ilimfuata mpaka ya saba. Hatua mbili ni mara nne. Hiyo si namba ya Scoville na simshauri mtu aiandike kwenye lebo, lakini kwa kulinganisha ndugu wawili inatosha: mpwa hakukosea kuhusu hasira ya ukame, alikosea kudhani ndiyo iliyoanzisha ukali.

Ikabaki mbegu. Na hapo mpwa akakumbuka, kwa namna vijana wanavyokumbuka mambo, kwamba miche ya pakiti ilitoka 50 tu.

"Sasa mjomba, mashimo yalikuwa 60."

"Ukayajazaje?"

"Kwa zile za babu."

Babu ni mzee wa Unguja aliyehamia Muheza miaka mingi, jirani yetu wa msikitini. Alimpa mpwa bahasha ya mbegu alizoletewa kutoka kwao. Juu ya bahasha paliandikwa kwa kalamu ya wino: hoho njano, ndefu. Mpwa alisia, miche ikachelewa wiki moja, akaiweka mstari wa mwisho, mashimo 10. Mawili yaliyobaki ya mstari huo yalikuwa ya miche ya pakiti. Ndiyo yale mawili matamu.

Tulikwenda kumwona baada ya alasiri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Karibuni."

Nikamwuliza kuhusu bahasha. Akasema ndiyo, hoho za shamba la marehemu mama yake.

"Babu, lakini zinawasha."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa bahari ina chumvi. "Hoho si lazima iwashe? Ulitaka iwe nini?"

"Hoho ni ile tamu, babu. Ya kachumbari."

"Ile ni pilipili boga, bwana. Hoho ni hoho."

Alikuwa na haki. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili, pilipili hoho ndiyo ile nyekundu inayowasha, na imewekwa pembeni ya pilipili manga, ile nyeusi ya kusaga, ili watu wasizichanganye. Huku bara jina likahama taratibu kwenda kwenye lile tunda nene lisilowasha, mpaka leo ukimwambia muuza mboga wa Kariakoo kwamba hoho ni kali atakucheka. Neno moja, bahasha moja, na kijana aliyezaliwa Muheza akaisoma kwa Kiswahili cha Muheza. Nimesoma lebo za mbegu miaka mingi, nimefundisha wakulima kusoma tarehe na namba ya fungu, na sikuwahi kufikiri kumfundisha mtu kuuliza: aliyeandika neno hili, kwao linamaanisha nini?

Kumi zikaelezeka. Zile mbili za karibu na tangi, zilizotoka kwenye pakiti tamu na bado zikawasha, ndizo zilizonisumbua usiku. Kwa macho hazikuwa na tofauti na wenzake. Ndefu, njano, nta ileile kwenye ngozi. Na hii ndiyo balaa ya jamii hii ya pilipili: ile tamu inayoitwa Sweet Banana na ile kali inayoitwa Hungarian Hot Wax ni kama mapacha, na mbegu zao zikichanganyika mahali popote kati ya shamba la kuzalishia na mashine ya kufungashia, hakuna jicho litakalozitenganisha. Msimu wa mwaka 2023 huko Marekani na Kanada, watu wengi waliopanda mbegu zilizoandikwa jalapeño walivuna pilipili ndefu za njano, na wengine walipata hoho tupu. Kosa lilifanyika juu, kwa wauzaji wa jumla, likashuka ndani ya pakiti za chapa tofauti. Mbili katika hamsini ni kidogo. Ila chupa ya dada inaingia pilipili 12 hivi, na mmea mmoja huzaa kwa miezi.

Watu huniuliza kama kuna dalili za nje. Wanasema iliyonyooka ni tamu, iliyopinda ni kali. Yenye mistari ya makovu ni kali. Ndogo inawasha kuliko kubwa. Kwa jalapeño yale makovu ya rangi ya kahawia angalau huonyesha tunda limekaa muda mrefu juu ya mti au limepata shida, kwa hiyo yana maana kidogo. Kwa pilipili za njano sikupata dalili yoyote iliyofanya kazi, na tulijaribu: mpwa alizipanga 20 kwenye sinia kwa kukisia kabla ya kuonja, akapatia kama mtu anayerusha sarafu.

Nikarudi kwenye swali la mwanzo, la mbegu za kutumia msimu wa masika, na hapo niligundua kwamba tulikuwa tunatafuta kitu kigumu kuliko tulivyofikiri. Mteja hakutaka sifuri. Alitaka utani, utani wa kweli, sio wa dada. Sifuri ni rahisi: jiko limezimwa, basi. Ukali kidogo maana yake jiko linawaka kwa moto mdogo, na moto mdogo unaamuliwa na jeni nyingi pamoja na maji, joto na siku ya kuchuma. Kule Galicia, Uhispania, wana pilipili ndogo za kijani za Padrón, zinakaangwa na kuliwa nzima, na wenyewe wana msemo kwamba nyingine zinawasha na nyingine haziwashi. Wao wanaufurahia mchezo huo mezani. Mtoto wa mteja wetu hakuufurahia.

Zipo mbegu zilizofanyiwa kazi hasa kwa ajili ya upole. Chuo cha Texas A&M kilitoa jalapeño ya upole kwa ajili ya viwanda vya kusindika. Chuo Kikuu cha New Mexico State kilitoa mwaka 2004 habanero mbili kwa jina la NuMex Suave, moja ya rangi ya chungwa yenye Scoville 335 na nyingine nyekundu yenye 580. Niliposoma habari hizo nilikaa kimya kidogo. Harufu ya pilipili mbuzi, ile inayokupokea mlangoni kabla hujaona chakula, bila ule moto! Kuna na Habanada, ya mtafiti Michael Mazourek wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo haina moto kabisa. Nilimweleza dada. Akasema, "Mbuzi isiyowasha ya nini?" na akaendelea kumenya vitunguu.

Jamaa aliyeko Muscat alijitolea kutuletea mbegu mfukoni akija likizo. Nilikataa, na nilimweleza kwa nini: mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka, na sababu yake si urasimu. Virusi vya jamii ya nyanya na pilipili husafiri ndani ya mbegu, na Muheza kuna wakulima wa nyanya. Kibali tutakiomba kwa utaratibu. Msimu wa masika usingetungoja.

Dada ndiye aliyetoa jibu, na alilitoa akiwa hana habari kwamba ni jibu. Alikuwa akipanga pilipili tamu kwenye chupa za nusu lita kwa ajili ya kula nyumbani, akachukua pilipili mbuzi moja, akaikata robo, akatumbukiza kipande. "Ili isiwe kama tango," akasema.

Kwa hiyo tuliacha kuuomba mmea utani, tukautia wenyewe. Pilipili zote zinatoka kwenye mimea ya sifuri, mimea ambayo tumeionja kwa namba. Ukali na harufu vinatoka kwenye kipande cha mbuzi kilichopimwa. Robo ilikuwa nyingi, mke wangu aliikataa. Sehemu moja ya nane, utando ukiwa umekwanguliwa nusu, ilipita kwa waonjaji wote watatu. Kila pilipili inatobolewa kwa sindano mara mbili ili siki iingie mpaka ndani, siki yenyewe ni ya asilimia 5 na inamiminwa ikiwa inachemka. Maji dada anayatia kidogo sana, na kwa hilo simruhusu kulegeza: chupa iliyofungwa ikikosa uchachu wa kutosha ni hatari ya kweli, inayozidi kuwashwa mdomo. Ukali wa mbuzi husambaa polepole, kwa hiyo chupa haitoki nyumbani kabla ya wiki mbili.

Mimea miwili ya karibu na tangi iling'olewa. Mimea mitano bora ya sifuri imefunikwa vifuko vya chandarua kwenye matawi yenye machipukizi ya maua, kabla maua hayajafunguka. Mpwa anayatikisa asubuhi ili yajichavushe yenyewe, tunda likishika anatoa kifuko na kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Hapa ndipo nyuki wa jirani wanapopata umuhimu wao: chavua kutoka mstari wa tano ikiingia kwenye ua la mmea mtamu, tunda litakuwa tamu, utalionja na kulisifu, na mbegu zilizomo zitazaa mimea inayowasha. Kuonja tunda hakukuambii chochote kuhusu watoto wake. Ndiyo maana mbegu za uzi mwekundu zitapandwa mimea 20 kwanza, zionjwe, kabla hazijaitwa mbegu.

Mstari wa tano nilishauri ung'olewe. Dada alinitazama tu. Anazivuna zikiwa nyekundu, anazianika juu ya bati, anasaga, na babu amekwisha chukua kopo mbili.

Yule kijana wa mgahawa alirudishiwa pesa ya chupa 30, akachukua 10 mpya kwa majaribio, kisha 30 tena. Safari ya mwisho aliomba aina mbili, ya watoto na ya wakubwa, na ziandikwe zisichanganyike. Jioni ile dada alikaa na karatasi za lebo na kalamu. Kwenye za kwanza aliandika "Pilipili tamu ya siki". Kwenye za pili, zenye pilipili za mstari wa tano, aliandika "Hoho ya siki".

"Mama," mpwa akamwambia, "watu watadhani haiwashi."

Dada alifikiri, akaivuta lebo, na chini ya lile neno akaongeza kwa herufi ndogo: ya Unguja.